Jina Ndani ya TV Yetu

Wale mlionicheka wiki iliyopita, chekeni tu. Hata mimi ningecheka kama si mimi niliyeaibika.

Na kama ndiyo unaingia leo, vuta kiti. Naitwa Kagwiria. Nashona yunifomu za shule hapa Makutano, mjini Meru. Mume wangu Gachoki ni mtu wa Ishiara, kule Mbeere, na kazi yake ni ya mabomba ya maji huko Embu. Amepanga chumba Embu, kwangu huja Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi. Wavulana wetu wawili, Mbaka na Thuranira, wako shule ya bweni.

Jirani yangu ni Gladwell, na Gladwell ndiye aliyewasha moto. Alinunua TV mpya, pana, nyembamba, zile ambazo picha zake zinang'aa hadi unaona poda ya msomaji habari ilipoishia shingoni. Tangu siku hiyo kina mama wa kanisa wakaacha kuja kwangu maombi ya Jumatano. Wote kwa Gladwell. Ati kwake kuna hewa.

Hewa!

Roho iliniuma. Nikaenda kwake na tepu yangu, nikajifanya nataka kumpima gauni. Alipoingia jikoni kuleta chai nikairukia ile TV, nikaipima ukingo huu hadi ule. Inchi arobaini na nane. Nikarudi nyumbani nikamwambia Gachoki, mimi nataka ya hamsini, na sitaki kusikia mengine.

Nikamlilia mwaka mzima, mwishowe akanunua. Siku ya kuitundika ukutani, kijana wa duka aitwaye Elphas ndiye aliyenipasulia habari, huku amepanda kiti na misumari mdomoni. TV haipimwi upana, hupimwa kona hadi kona. Ile ya Gladwell ni hamsini na tano. Mimi, fundi wa kupima watu, nilikuwa nimepima TV kama kiuno cha sketi.

Gladwell akaja kuitazama. Akaizunguka kwa macho, akatabasamu. "Inapendeza, Mama Mbaka. Na inatosha chumba chako."

Hapo ndipo nilipowaachia. Nilidhani nimefika mwisho wa aibu. Wueh! Hata mwanzo sikuwa nimefika.

Lazima niseme ukweli, baada ya siku chache niliipenda TV yangu. Nikishona jioni naiwasha, naweka mahubiri, naona hadi jasho likimtoka mhubiri puani. Gachoki aliiunganisha na mtandao, akaingiza namba zake za siri za simu, ile akaunti yake, ndiyo tupate YouTube.

"Usibonyeze ovyo," aliniambia. "Washa, chagua unachotaka, zima. Basi."

Nikawa nawasha, nachagua, nazima. Mke mtiifu.

Jumanne moja nikaiwasha, ikaniuliza swali ambalo haikuwa imewahi kuniuliza. Nani anatazama? Chini yake kulikuwa na majina mawili. La kwanza, Gachoki. La pili lilikuwa kando ya kipicha cha sungura.

Ciakuthii.

Nikasoma tena. Macho yangu ni mazima, na picha ya TV yenyewe ndiyo hiyo mnajua, haifichi kitu. Ciakuthii ni jina la mama mkwe wangu, aliyemzaa Gachoki, na anaishi peke yake Ishiara na mbuzi zake.

Nikasimama na rimoti mkononi. Kumbe mama mkwe ana TV! Gachoki alikuwa amemnunulia mama yake TV, akamtundikia, akamfungulia na jina lake kabisa kwenye mtandao, na mimi sikuambiwa hata neno. Mimi niliyelilia hii yangu hadi sauti ikakauka!

Nikampigia simu.

"Baba Mbaka, kwani Mama ana TV?"

Nikasikia mtu akigonga bomba nyuma yake.

"Mama nani?"

"Mama nani tena? Mama yako. Jina lake liko hapa kwa TV yetu."

Akakohoa. "Aaa. Hiyo. Eee, nilimpelekea kamoja, kadogo tu. Apoteze wakati."

"Kadogo inchi ngapi?"

"Kagwiria, niko kazini."

"Inchi ngapi?"

"Sijui, sijaipima!" Akakata simu.

Nyinyi mmewahi kuona mwanamume asiyejua inchi za TV aliyoinunua mwenyewe? Nikajua hapo hapo kwamba ni kubwa. Ni kubwa kuliko yangu, ndiyo maana anameza maneno.

Nikabonyeza kile kipicha cha sungura. Nilitaka kuona mama mkwe anatazama nini. Katuni. Katuni tupu! Tumbili anapiga mswaki, nyimbo za herufi, bata wanavuka barabara. Chini ya ile ya tumbili kulikuwa na mstari mwekundu uliofika katikati, maana yake kuna mtu ameitazama akaiachia hapo. Nikaenda jikoni kuinjika chai. Niliporudi, nikatoka mle ndani nikaingia tena, mstari ulikuwa umefika mwisho, na tumbili amefuatwa na bata.

Sikuwa nimeigusa. Kuna mtu alikuwa amekaa mahali fulani, wakati ule ule, anatazama.

Gladwell aliingia kurudisha sufuria, akanikuta nimetoa macho. Nikamweleza.

"Wazee hurudi utotoni," akasema. "Nyanya yangu kabla hajafariki alikuwa anaimbia kuku. Na si ni vizuri? Mwanamume anayempenda mama yake hawezi kukosa kumpenda mke."

"Mimi nilimwomba mwaka mzima, Gladwell. Mama yake hata hakuomba."

"Basi mama yake anajua kukaa naye," akasema, akajipeleka mlangoni na kanga yake mabegani.

Ningekuwa na sufuria nyingine karibu ningemrushia.

Sasa niwaeleze kwa nini jina hilo lilinichoma kuliko hata TV yenyewe.

Kwao Gachoki, kama kwetu sisi wengi wa huku mlimani, mtoto hapewi jina ovyo. Kijana wa kwanza huchukua jina la babu wa upande wa baba, kwa hivyo wetu ni Mbaka, jina la marehemu baba mkwe. Mama mkwe hamwiti mjukuu. Humwita "mume wangu". Kuku akichinjwa, firigisi huwekewa mume wake, na ole wako uiguse. Kijana wa pili ni Thuranira, jina la baba yangu kule Muthara. Na msichana wa kwanza ni wa mama ya mume. Ukimpata huyo, watu husema umemzaa mama mkwe. Kabla ya hapo, mama mkwe hajazaliwa.

Mimi sikuwa nimempata. Kila Krismasi tukienda Ishiara mama mkwe hunishika mkono akaniuliza, "Mama Mbaka, mimi nitazaliwa lini?" Watu wote hucheka. Yeye pia hucheka, lakini mkono haniachii haraka.

Miaka ikapita, nikajua nimeshindwa. Kisha mwaka huu, wakati nimeshagawa hata nguo za watoto, nikashika mimba.

Nilipomwambia Gachoki nilikuwa na furaha tele. Nikamwambia, "Labda safari hii tutamzaa mama yako." Alichukua rimoti, akaongeza sauti ya TV. Kulikuwa na mpira. Nikadhani ni mpira.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo ya jina kwa TV nilikuwa nimeenda kupimwa. Tumbo limefika miezi mitano. Daktari akanigeuzia kile kioo chake akasema, "Ni msichana huyu, mama, hakuna shaka." Nililia pale kitandani hadi nesi akaniletea karatasi za kujifuta. Sikumwambia mtu. Nilitaka nimwambie Gachoki ana kwa ana, Ijumaa.

Ijumaa akapiga simu. Hatakuja. Bomba kubwa limepasuka, wanalala kazini.

Basi nikapiga moyo konde. Jumamosi nitaenda Ishiara mwenyewe, na nitakuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kumwambia mama mkwe kwamba atazaliwa. Habari kama hiyo huipeleki kwa simu, unaipeleka kwa miguu. Ya pili, kuipima ile TV. Nikaweka tepu ndani ya mkoba. Safari hii kona hadi kona, sirudii kosa.

Mnaona nilivyokuwa? Nimebeba baraka tumboni na kijicho mkobani.

Ishiara jua halina huruma. Nilifika nimeloa, gauni limenigandia mgongoni. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, penye kivuli cha ukuta, anachagua ndengu kwenye uteo. Jikoni kulikuwa na moshi na harufu ya kuku. Aliponiona aliinuka kwa nguvu hadi ndengu zikamwagika chini zote.

"Mama Mbaka! Kwani umekuja?"

Siyo karibu. Siyo habari ya safari. Kwani umekuja.

"Nimekuja kukuona, Mama. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Gachoki anajua uko huku?"

"Gachoki ako kazini. Bomba limepasuka."

"Eee," akasema. "Bomba." Akainama kuokota ndengu moja moja, na mimi nikainama kumsaidia, tumbo likinizuia. Akaliona tumbo. Aliliangalia muda, akageuza uso.

Nikasema moyoni, amejaa furaha, hataki nimwone akilia.

Akaniletea kigoda. "Tukae hapa nje. Ndani ni moto."

Ndani ni moto, na hapo nje jua linapasua mawe! Nikajua anaificha. Ameambiwa na mwanawe, Kagwiria asiione. Wivu ukanipanda hadi masikioni. Sikuweza hata kunywa maji aliyonipa.

"Mama, mimi sitazunguka. Nimekuja kuona TV."

"TV gani?"

"Ile Gachoki alikununulia."

"Gachoki amekuambia ameninunulia TV?"

"Ameniambia kwa mdomo wake."

Mama mkwe alishika uteo kifuani kama mtu anayejikinga. Mimi sikungoja. Niliinuka na mkoba wangu, nikaingia ndani.

Sebule yake mnaweza kuijua hata bila kuiona. Viti vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe. Kalenda ya kanisa. Picha ya marehemu Mzee Mbaka na kofia yake. Redio juu ya stuli, imefunikwa kitambaa kama imelala. Nikatazama ukuta huu, nikatazama ule. Nikanyoosha mkono nikapapasa. Hakukuwa na msumari wala waya.

"Iko chumbani?" nikauliza, nikishika pazia la chumba cha kulala.

Mama mkwe alinifikia mbio kama msichana. Akanishika kiwiko. "Huko usiingie. Huko ni kuchafu, mwanangu, sijafagia. Hakuna TV. Naapa mbele ya Mungu, sina TV, sijawahi kuwa na TV, hata sijui kuiwasha."

Nikamtazama machoni. Hakuwa anadanganya.

Ndugu zangu, ningekuwa na akili nzuri siku hiyo, ningejiuliza swali moja tu. Kama hana TV, ni nani anayetazama tumbili akipiga mswaki? Mtoto mdogo angejiuliza. Lakini mwenye wivu husikia anachotaka. Mimi nilichosikia ni kwamba mama mkwe hana TV. Hana kubwa, hana ndogo. Mimi peke yangu ndiye niliyenunuliwa TV na Gachoki!

Nikaachia pazia, nikaangua kicheko. Nikamkumbatia yule mama pale pale, nikambusu shavu. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku yoyote tangu niolewe. Gachoki alidanganya, sawa, nitamshughulikia Gachoki. Labda aliona haya kuniambia ameshindwa kumnunulia. Wanaume huona haya kwa mambo ya ajabu.

"Kaa chini, Mama," nikamwambia. "Nina habari, na hii ni yako."

Akakaa pembeni mwa kiti, kama mgeni nyumbani kwake. Nikapiga magoti mbele yake, na tumbo langu lote. Nikachukua mikono yake miwili nikaiweka juu ya tumbo.

"Nimepimwa Jumatatu. Daktari amemwona. Ni msichana, Mama." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Miaka yote hii umekuwa ukiniuliza. Basi leo nakujibu. Utazaliwa. Utazaliwa kabla ya Krismasi."

Nilingoja apige vigelegele. Kule Mbeere bibi akisikia habari hiyo hupiga kelele hadi majirani waje na vijiko mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kuinuka nicheze naye.

Hakupiga. Mikono yake ilibaki juu ya tumbo langu, baridi, na jua lote lile.

"Mama?"

"Nakushukuru, mwanangu."

"Mama, husikii? Utazaliwa!"

Akainua uso. Alikuwa analia, lakini yale hayakuwa machozi yangu.

"Nilishazaliwa," akasema.

Nikadhani umri umemfikia. Nikakumbuka Gladwell na nyanya yake na kuku. Nikamwambia taratibu, "Mama, mimi nina wavulana tu. Mbaka na Thuranira. Gachoki hana ndugu wa kiume. Nani atakuzaa?"

"Mwaka wa tatu huu," akasema. "Nilishazaliwa, Mama Mbaka. Nilimwambia Gachoki akuambie. Kila akija namwambia, mwambie mwenye nyumba, usinibebeshe dhambi hii peke yangu. Huniambia kesho."

Sikuelewa, kisha nikaelewa. Ilikuja polepole, ikianzia miguuni. Sungura. Katuni. Sauti ya TV ilivyoongezwa siku ile. Bomba limepasuka. Nilikaa chini sakafuni.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke, Mama. Anaitwa nani?"

"Virginia. Ni mtu wa Manyatta, kwao wana kahawa. Si mtu mbaya." Alijaribu kuniinua nikamtoa mkono. "Sikiliza, mwanangu. Wewe hujapoteza kitu. Hata wako atakuwa mimi. Desturi ndiyo hiyo, kila nyumba humzaa mama. Nitazaliwa mara mbili, ni heshima hiyo."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba."

"Gachoki ana nyumba ngapi?"

Alikuwa ameshajibu.

Nataka niwaambie nilivyohisi na nisiwafiche. Siyo uchungu uliokuja kwanza. Uchungu ulikuja baadaye, na bado haujaondoka. Kwanza ulikuja wivu, mtupu, mweusi. Miaka yote hiyo nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja. Nilikunywa dawa za kila aina, nilifunga, niliwekewa mikono na wachungaji watatu. Jina hilo lilikuwa langu la kutoa. Na mwanamke nisiyemjua, wa Manyatta, alilichukua tu kama anachuma kahawa, akalipeleka kwao, akaliandika hadi kwenye TV. Binti yangu hajatoka tumboni na tayari anavaa jina lililokwisha kuvaliwa.

"Hata wa pili hatakuwa," nikamwambia mama mkwe. "Wa kwangu hatakuwa Ciakuthii wa pili. Bora nimpe jina la mama yangu. Bora nimpe la Gladwell!"

"Usiseme hivyo. Unanilaani."

"Nani amemlaani mwenzake, Mama? Krismasi tatu umenishika mkono ukiniuliza utazaliwa lini. Krismasi tatu! Ukijua!"

Akafunika uso kwa leso yake. "Ningenyamaza ungeuliza kwa nini sikuulizi tena."

Hapo pazia la chumbani likatikisika.

Nilitazama chini kwanza, kwa sababu mkono ulioshika pazia ulikuwa chini, mdogo. Akatoka mtoto wa kike, amelala akaamka, mashavu yana alama za shuka, kiatu kimoja mguuni. Na uso wake, jamani! Paji la Gachoki. Midomo ya mama mkwe, ile ile, kama mtu ameipunguza tu saizi. Hata kama ningekutana naye sokoni Meru ningesimama.

Mama mkwe akasimama katikati yetu. "Wewe, rudi ulale."

Mtoto hakurudi. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda, akiinamisha kichwa upande, kisha akacheka, meno yote nje, kama mtu aliyemwona shangazi yake.

"Cucu," akamwambia bibi yake, akinionyesha kwa kidole. "Mama wa TV!"

"Anasema nini?" nikauliza.

"Ni utoto tu."

"Anasema nini, Mama?"

Mama mkwe alikaa tena. Nadhani alikuwa amechoka kuibeba ile siri. "Ile TV yao ya Manyatta. Mimi sijaiona, Virginia ndiye huniambia. Ikikaa bila kuguswa huanza kutoa picha zilizo kwa simu ya Gachoki. Wewe uko hapo. Wewe na wavulana. Siku ya harusi yenu, siku ya Mbaka kubatizwa. Mtoto anakujua. Kila jioni anakuona."

Nikajiona nimetundikwa ukutani kwa mwanamke mwingine, nimevaa gauni la harusi nililolishona mwenyewe, nacheka. Kila jioni anapepeta mchele wake akinitazama. Anajua chumba changu, anajua watoto wangu, anajua nimenenepa lini na nimekonda lini. Mimi simjui hata pua. Mwenzangu alikuwa na picha safi yangu miaka mitatu na mimi nilikuwa na giza.

Na sijui ni shetani gani aliyenipanda, lakini nilimwita mtoto karibu, nikamuuliza swali ambalo mpaka leo naona haya kuliandika.

"TV yenu ni kubwa?"

Alifungua mikono yake yote miwili, akaivuta nyuma hadi kiatu kikamtoka. "Kubwaaa!"

Nikalia. Nililia kwa TV, msinicheke, nililia kwa TV kwa sababu kile kingine kilikuwa kikubwa sana kulilia. Mtoto akaogopa. Akasogea, akanipanguza shavu kwa kiganja chake kilichotoka usingizini, kina joto. Kisha, kama desturi ya watoto wanaobebwa na kila mtu, akageuka akanikalia mapajani, mgongo wake ukaegemea tumbo langu.

Nilitaka kumsukuma. Mungu anajua nilitaka. Mikono yangu iliinuka kwa kazi hiyo, na ilipomfikia ikamshika asianguke.

Mama mkwe alitusahau, ghafla akawa anasikiliza nje. "Wamefika," akanong'ona. "Walienda sokoni tu kununua mchele. Mama Mbaka, nakuomba, pitia mlango wa jikoni. Nitaongea naye leo, naapa. Leo leo. Pitia jikoni, usimwaibishe mbele ya—"

Mlango wa gari ulifungwa. Nikasikia hatua, na mfuko wa plastiki, na sauti ninayoijua kuliko yangu mwenyewe. Gachoki, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kutamka jina la mama yake kwa sauti ndani ya boma hilo, kwa heshima, alikuwa analiita kama wimbo.

"Ciakuthii! Ciakuthii wa baba! Njoo uone tumekuletea nini!"

Mtoto akajinyoosha mapajani mwangu, akapiga kelele kwa furaha.

"Baba! Niko hapa na mama wa TV!"

Hatua zikasimama. Mfuko ukaanguka, nikasikia mchele ukimwagika kwenye changarawe, mwingi, bila mtu kuuzuia.

Kisha hatua nyingine, nyepesi, zikaja zenyewe hadi mlangoni. Mwanamke akabisha, taratibu, kwa adabu, kama aliyekuwa akijiandaa kwa siku hiyo muda mrefu.

"Hodi," akasema.

Mama mkwe alinitazama. Hodi hujibiwa na mwenye nyumba. Yeye alijifunika uso tena kwa leso yake.

Nikamweka mtoto vizuri mapajani, nikafuta uso, nikajibu mimi.

"Karibu."